Macho ya Jirani Yanapokoma

Kila mwaka vijana hupanda meli Nansio, kisiwani Ukerewe, wakaelekea Mwanza, na wengi wao hawaishii hapo. Husonga mbele hadi Dodoma, Dar es Salaam na ng'ambo. Wenzao wa Lamu huvuka kwa boti hadi Mokowe, wakapanda basi la Mombasa. Wanaobaki nyuma, wazazi na walimu, mashehe na mapadri, hujiuliza swali ambalo ni la zamani kuliko meli na basi: je, malezi ya mji mdogo yanamfaa mtu anapoingia katika ulimwengu mpana? Wapo wanaojibu upesi kwamba yanamfaa kuliko malezi mengine yote, kwa kuwa mji mdogo hufundisha adabu. Wapo pia wanaojibu upesi vilevile kwamba mji mdogo humfumba mtu macho, akafika jijini akiwa mshamba wa kuibiwa na kupotoshwa. Ninaona kwamba pande zote mbili zinapima ukubwa wa mahali, na hapo ndipo zinapokosea. Mji mdogo humwandaa mtu kwa kadiri ulivyomfundisha kutenda haki mahali ambapo hakuna anayemjua wala anayemwona. Ukimfundisha hilo, udogo wake haumdhuru. Usipomfundisha, adabu yake yote itabaki gatini alipopandia meli.

Tuanze na kile ambacho mji mdogo unakitoa kweli. Humo mtu hujulikana mzimamzima. Mwenye duka anayemkopesha sukari anamjua baba yake, anajua kama baba huyo hulipa madeni, na anajua njia ambayo kijana atapita jioni. Mwalimu wake ndiye jirani yake, na jirani ndiye atakayeshika jembe siku ya kuchimba kaburi la bibi yake. Mtoto akikosea, mtu mzima yeyote aliye karibu humkanya, na habari hufika nyumbani kabla yake. Malezi haya yana faida isiyokanushika. Aliyekulia humo anajua tangu utotoni kwamba tendo lina mwenyewe, na kwamba uongo wa leo utamrudia kesho kupitia kinywa cha mtu anayemfahamu. Adam Smith, mwanafalsafa wa Uskoti aliyezaliwa Kirkcaldy, mji mdogo wa pwani, na ambaye alirudi huko kuandika sehemu kubwa ya kitabu chake maarufu cha uchumi kilichotoka 1776, aliliona jambo hili vizuri. Katika kitabu hicho anaeleza kwamba mtu wa hali ya chini akiwa kijijini, mwenendo wake huangaliwa na watu, na kwa sababu hiyo naye hujiangalia. Akihamia jiji kubwa huzama gizani. Hakuna anayejali anafanya nini, basi naye huacha kujijali, akaangukia katika kila aina ya uovu.

Smith alikuwa akieleza kwa lugha ya uchumi jambo ambalo Plato alikuwa amelisimulia kwa hekaya zaidi ya miaka elfu mbili kabla yake. Katika kitabu cha pili cha Jamhuri, Glaucon anasimulia habari za mchungaji wa Lydia aliyeokota pete. Akiigeuza pete kidoleni kwa namna fulani, haonekani. Alipogundua hivyo, mchungaji alijipenyeza katika jumba la mfalme, akamtongoza malkia, akamuua mfalme na kutwaa utawala. Glaucon anataka kujua kama watu ni wema kwa kuupenda wema, au ni wema kwa sababu tu wanaonekana. Wasomaji wengi huichukulia hekaya hii kuwa swali juu ya binadamu wote, nayo ni hivyo. Lakini tukumbuke kwamba mwenye pete alikuwa mchungaji, mtu wa malishoni, aliyeingia ikulu akiwa na uwezo wa kutoonekana. Jiji humpa kila mgeni wake pete ya namna hiyo. Mwaka 1967 Dar es Salaam haikufika watu laki nne. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni tano na laki tatu. Hata katika mitaa ya uswahilini, ambako majirani bado wanajuana na kuazimana chumvi, kijana akipanda daladala moja tu amekwisha kufika mahali ambapo yeye si mtoto wa fulani. Hapo ndipo malezi yake yanapopimwa.

Fasihi yetu imelitazama jaribio hilo kwa ujasiri. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, mwaka 1971. Rosa ni binti wa kisiwa hichohicho. Baba yake, Zakaria, anamlinda kwa ukali dhidi ya wavulana, na barua moja tu ya mvulana inamletea kipigo. Rosa anapokwenda kusoma mbali na nyumbani, hatimaye chuo cha ualimu Morogoro, ulinzi ule unaondoka, na ndani yake hamna kitu kilichowekwa kushika nafasi yake. Anaanguka, na anguko lake ni la kutisha. Kwa muda kitabu hicho kilizuiwa shuleni, na wapo walioona kosa lake ni kuyataja waziwazi mambo yanayosemwa kwa kunong'ona. Ni rahisi kukisoma kama onyo dhidi ya ulimwengu wa nje, kwamba laiti Rosa angebaki Namagondo, angesalimika. Mimi naona riwaya inamshitaki Zakaria kuliko inavyoishitaki Morogoro. Baba huyu ni mlevi, na anamdai bintiye usafi asiomwonyesha kwa mfano wala kumweleza kwa sababu. Alichompa ni hofu ya macho yake na ya fimbo yake, na macho ya baba hayasafiri. Riwaya si takwimu, na kisa kimoja cha kubuni hakithibitishi hali ya vijana wote. Lakini kinaonyesha jinsi jambo linavyotokea: hofu ya kuonwa inaweza kuzaa utii kamili kwa miaka mingi bila kuzaa uadilifu hata kidogo, na hakuna atakayejua tofauti hadi siku ya safari.

Basi macho ya jirani hugeukaje kuwa dhamiri? Smith huyohuyo, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1759, anatoa maelezo ambayo sijaona yaliyo bora zaidi. Anasema mtu asingeweza kujihukumu kama angekulia peke yake bila watu. Kwanza tunaonwa na wengine, tunaona wanavyopendezwa au kuchukizwa nasi, na polepole tunajifunza kujitazama kwa macho yao. Baadaye, tukikua vizuri, tunamweka ndani yetu mtazamaji asiyependelea upande wowote, ambaye hukumu yake inaweza kupingana na makelele ya watu wote waliotuzunguka. Dini zimesema jambo hili kwa kina zaidi. Waislamu wanafundishwa ihsani, kumwabudu Mwenyezi Mungu kwa yakini kwamba Yeye anakuona hata pasipokuwa na mtu. Injili ya Mathayo na hadithi ya watu saba watakaopata kivuli cha Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama zinakutana katika fundisho lilelile la sadaka: ifichwe kiasi kwamba mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Mafundisho haya yote mawili yanamtaka muumini afanye mazoezi ya kutoonekana. Yanamwambia kwamba kama wema wake unahitaji watazamaji, bado haujakomaa. Kwa hiyo macho ya mji ni mwanzo wa lazima wa malezi, na ni hatari yakiwa ndio mwisho wake. Mtoto anayeambiwa "usiibe, watu watakuona" amefundishwa kujificha. Anayeambiwa kwamba yule aliyeibiwa atalala na njaa, na Mungu anamjua kwa jina, amepewa kitu cha kwenda nacho popote.

Hapa linakuja pingamizi zito kuliko lile la ushamba. Mtu anaweza kusema kwamba ninausifu mno mji mdogo kwa kuuita hata mwanzo wa maadili. Kujuana si wema. Mwaka 1994, nchini Rwanda, mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, waliuawa kwa muda wa siku takriban mia moja, na wengi waliuawa vilimani kwao na watu waliowajua. Muuaji alijua nyumba ina watoto wangapi, alijua njia ya kukimbilia mtoni, alijua nani ameoa wapi. Ujuzi ule ambao siku za amani ulimfanya jirani aje msibani ndio uliogeuka orodha ya mauaji. Huko Usukumani nako, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wakituhumiwa na watu wa kijiji kimoja nao, wakati mwingine na ndugu zao wenyewe. Pingamizi hili halina budi kukubaliwa katika ukweli wake wote. Macho ya mji hayana haki ndani yake. Yanalinda chochote ambacho mji umekubaliana kukilinda, na mji ukikubaliana juu ya uovu, macho yaleyale yatamwadhibu asiyeshiriki. Anayefikiri kwamba vijana wetu wangekuwa salama kama jiji lingeangaliana kama kijiji hajaitazama historia hii.

Lakini tukiitazama kwa makini, historia hiyohiyo inatuonyesha kitu kingine. Walikuwapo waliookoa. Zura Karuhimbi, mwanamke mzee wa eneo la Ruhango, aliyefariki mwaka 2018, aliwaficha ndani na nje ya nyumba yake watu wanaokadiriwa kuzidi mia moja. Hakuwa na silaha. Alitoka katika familia ya waganga wa mitishamba, na alijua kwamba watu wa eneo lake wanaogopa mizimu. Basi alijipaka dawa inayowasha ngozi, akawagusa wanamgambo kwa mikono yake, akawaambia kwamba atakayeingia nyumbani mwake ataikabili ghadhabu ya mizimu. Wakarudi nyuma. Mama huyu hakuwa amesoma falsafa ya jiji lolote. Alikuwa mtu wa kijiji kabisa, na alitumia elimu ya kijiji chake dhidi ya kijiji chake. Zaidi ya hapo, alifanya wema kwa kuficha. Mchungaji wa Lydia alipopata uwezo wa kutoonekana aliutumia kuua. Karuhimbi alitafuta kutoonekana ili watu waishi. Hapo ndipo Glaucon anapojibiwa, na jibu halikutoka katika hoja, limetoka katika nyumba ya mwanamke mzee. Kwa hiyo historia ya Rwanda haipingi kwamba mji mdogo unaweza kumlea mtu mwadilifu. Inatwambia kwamba mtu huyo atajulikana siku atakapokuwa tayari kutenda haki hata kama macho yote yaliyomlea yanamtaka atende kinyume.

Je, mji mdogo una mahali pa kulizoeza jambo hili kabla ya safari na kabla ya majanga? Upo mlango mmoja, nao ni mgeni. Katika mji ambao kila mtu ana ukoo wa kumtetea, mgeni ndiye asiye na mtu. Ukimpunja dukani, hakuna shangazi atakayekuja kulalamika. Ukimdhulumu, neno lake halina uzito mbele ya neno la mwenyeji. Mbele ya mgeni, macho ya mji yanakuwa kama hayapo, na kila mwenyeji anavaa ile pete kwa muda mfupi. Anavyomtendea mgeni leo ndivyo atakavyotenda kesho jijini, ambako watu wote ni wageni wake. Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, walijua kwamba mwenyeji naye ana ugonjwa wake, na mgeni humsaidia kuuona. Miji ya pwani yetu ilijengwa juu ya mazoezi haya. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta mtawala aliyesifika kwa ukarimu kwa wageni na masikini. Mabaharia wa Hadhramaut, Oman na Gujarat walikuja na kaskazi, na ilibidi wakae hadi kusi iwarudishe, kwa hiyo mwenyeji hakuishi na mgeni kwa saa moja ya biashara, aliishi naye kwa miezi. Lamu ni mji ambao unaweza kuupita wote kwa miguu kabla jua halijawa kali, lakini kwa karne nyingi watu wake hawakuhitaji kuondoka ili wakutane na ulimwengu.

Wala ukarimu huo haukuja bila mapambano, na ni vizuri kulisema hili tusije tukajenga Lamu ya ndoto. Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Visiwa vya Ngazija akahamia Lamu katika karne ya 19, aliwafundisha dini watu ambao wakubwa wa mji waliwaona hawastahili elimu hiyo, wakiwamo wa vizazi vya watumwa. Alipingwa na wenye mji waliojivunia nasaba zao. Leo Msikiti wa Riyadha, alioujenga, ndio unaowaleta maelfu ya watu Lamu kila mwaka kwa Maulidi, na wajukuu wa waliompinga huwapokea wageni kwa fahari. Mji ulipona kwa mkono wa mgeni, ingawa dawa ilikuwa chungu. Kijana wa Lamu anayeijua historia hii kwa ukweli wake amekwisha kujifunza, kabla ya kufika Mombasa, kwamba wakubwa wa mji wanaweza kukosea wote pamoja.

Pingamizi la pili linatoka upande wa ofisi na siasa. Watu wa miji midogo, husemwa, hubeba fadhila zao hadi jijini, na huko fadhila hizo hugeuka dhambi. Aliyefunzwa kumjali ndugu anapopewa madaraka humwajiri ndugu, na anayemjua mtu wa kwao humpitishia faili lake kwanza. Pingamizi hili ni la kweli kila siku, katika nchi zetu zote. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alijaribu kulijibu mwaka 1962 alipoandika juu ya ujamaa: undugu wa nyumbani usifutwe, upanuliwe, uvuke kabila na taifa, uwafikie Waafrika wote na hatimaye wanadamu wote. Wazo hilo ni zuri, lakini Aristotle alikuwa amekwisha kulionyesha tatizo lake alipompinga Plato: undugu ukienezwa kwa kila mtu hupoteza ladha, kama tone la divai tamu lililotiwa katika maji mengi. Nadhani Aristotle yuko sahihi juu ya mapenzi, na Nyerere yuko sahihi juu ya lengo. Hatuwezi kumpenda karani tusiyemjua kama tunavyompenda mdogo wetu, na hatulazimiki. Tunachowiwa mtu tusiyemjua ni haki: foleni yake, bei yake, neno la kweli. Na haki kwa asiye na ukoo ndiyo ile hasa ambayo mji mdogo unaifundisha, au unashindwa kuifundisha, kupitia mgeni. Ofisa anayempendelea ndugu hakuharibiwa na kujifunza undugu. Aliharibiwa na kutojifunza kitu kingine kando ya undugu.

La mwisho ni pingamizi la wale wanaojua udhaifu wa binadamu. Watasema kwamba dhamiri ni kitu adimu, na kwamba watu wengi wataendelea kuhitaji kuangaliwa. Ndiyo maana chama cha TANU kilianzisha mabalozi wa nyumba kumi Tanzania miaka ya 1960, Kenya ikaanzisha Nyumba Kumi mwaka 2013, na hadi leo Tanzania anayetaka kumdhamini mtu polisi au mahakamani huombwa barua ya serikali ya mtaa. Nakubali kwamba hakuna mtu aliyekamilika kiasi cha kuishi bila wenzake wa kumkanya. Lakini tuangalie macho ya namna gani ndiyo yanayofaa. Smith aliona kwamba maskini aliyezama gizani jijini hutoka kwa kujiunga na kikundi kidogo cha dini ambacho washiriki wake wanajuana. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa umoja wao, AMECEA, wa mwaka 1976, walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa kazi ya uchungaji, na leo jumuiya hizo hukutana katika vyumba vya kupanga kama zinavyokutana vijijini. Vivyo hivyo vikundi vya kufa na kuzikana na darasa za msikitini. Tofauti yao na macho ya utotoni ni kwamba hakuna anayezaliwa ndani yake akiwa jijini. Mtu hukwenda kwa hiari yake, jioni baada ya kazi, wakati angeweza kubaki asijulikane. Kuchagua kuonwa ni tendo la dhamiri iliyokwisha kuamka.

Jambo hili lina haraka sasa kuliko wakati wa Zakaria, kwa sababu pete haingoji tena safari. Kijana wa Nansio mwenye simu anaweza kujiita jina lolote, kumtukana mtu asiyemjua na kumtapeli mzee wa mkoa mwingine, huku mama yake akimwona ameketi kibarazani kwa adabu. Mzazi anayetegemea macho yake peke yake amekwisha kushindwa hata kama mtoto hajawahi kuvuka ziwa. Kwa hiyo wanaolea katika miji midogo wana kazi mbili zinazowezekana kabisa. Ya kwanza ni kumpa mtoto sababu ya kila katazo, na kumruhusu aulize, hata pale ambapo swali lake linawaaibisha wakubwa. Ya pili ni kumfanya awajibike kwa mgeni: kondakta aliyesahau kudai nauli, mpita njia asiyejua bei, mkimbizi, mfanyakazi wa ndani aliyetoka mbali. Mji unaofanya haya mawili hauna haja ya kuona haya mbele ya jiji lolote, hata ukiwa na mtaa mmoja. Usioyafanya utaendelea kusifu adabu ya watoto wake, na kila mwaka utashangaa kwa nini ulimwengu umewaharibu, ilhali ulimwengu uliwakuta hawajamaliza kulelewa.